Iron Maiden laivu: kwa nini nakwambia uanze na Mexico City 2019

Mdogo wangu, umeuliza kama mtu asiyeijua kabisa Iron Maiden, bendi ya metali (roki nzito ya gitaa) ya Uingereza, anaweza kuanza na Nights of the Dead, ile albamu ya laivu, yaani iliyorekodiwa jukwaani, inayopita miaka mingi ya bendi, badala ya kutafuta albamu za studio moja baada ya nyingine. Na kuna ndugu amekujibu hapo juu kwamba albamu za namna hiyo ni za kuchuma pesa tu: wazee wanarudia nyimbo zilezile kwa koo lililochoka. Nakujibu kwa urefu kwa sababu kazi yangu ni sauti. Niko Lubumbashi, napanga vyombo kwenye harusi, kwenye kwaya na kwa orkestra za baa za Kamalondo na Katuba, na metali naipenda tangu enzi za kaseti zilizokuwa zinaingia kwa mpaka wa Kasumbalesa na madereva wa malori.

Jibu langu: ndiyo, anza hapo. Huyo ndugu namheshimu, ila katika hili hatuko pamoja.

Albamu ilitoka Novemba 2020. Ilirekodiwa usiku wa maonyesho matatu ndani ya Palacio de los Deportes, Mexico City, mwisho wa Septemba 2019, katika ziara ya Legacy of the Beast iliyoanzia Tallinn, Estonia, mwaka 2018. Nyimbo ni 16, ukiacha hotuba ya Churchill, waziri mkuu wa Uingereza wakati wa vita, inayofungua. Wa zamani kuliko zote ni wimbo Iron Maiden wa mwaka 1980, na wa karibuni ni For the Greater Good of God wa 2006. Kwa hiyo ni bendi iliyoanzishwa na Steve Harris mashariki ya London mwishoni mwa 1975, inatandika mezani miaka 26 ya nyimbo kwa usiku mmoja.

Sasa sikiliza kwa nini hilo lina faida kwa mgeni. Ukizisikiliza albamu za studio kwa mpangilio, unahama nyumba kila mara. Ya kwanza ina sauti kavu, mwimbaji ni Paul Di'Anno, drams ni Clive Burr. Kwenye albamu ya 1982 anaingia mwimbaji Bruce Dickinson, kwenye ya 1983 Nicko McBrain anakalia drams. Katikati ya miaka ya 1990 mwimbaji ni mwingine, Blaze Bayley. Tangu 1999 gitaa zimekuwa tatu, Dave Murray, Adrian Smith na Janick Gers. Mgeni anashindwa kujua kama anachokipenda ni wimbo, ni mwimbaji, au ni namna studio ya mwaka ule ilivyorekodi. Jukwaani tofauti hizo zinaondoka. Watu sita walewale, vyombo vilevile, meza ya sauti ileile, na kila wimbo unasimama kwa nguvu zake wenyewe. Hapo ndipo utajua wimbo upi una mifupa.

Sisi Wakongo hili halitupi shida hata kidogo. Nani hapa kwetu anaipima orkestra kwa diski yake peke yake? Unaipima inaposhika sebene, ile sehemu ya gitaa na kucheza, usiku wa manane, mpiga solo amekwisha kuchoka na watu bado hawataki kukaa. Zaiko Langa Langa ipo tangu 1969, waimbaji wamepita wengi kuliko vidole vya mikono miwili, na bado mtu anakwenda kuisikiliza kwa sababu anajua nyimbo ni za nyumba, si za koo moja. Iron Maiden isikilize kwa sikio hilohilo.

Mahali ambapo albamu hii inalipa kila kitu ni The Clansman na Sign of the Cross. Dickinson aliondoka mwaka 1993. Bayley akaimba albamu mbili, The X Factor ya 1995 na Virtual XI ya 1998. Kumbi zikawa ndogo, mashabiki wengi wakageuka, na hadi leo utakutana na watu wanaoziruka albamu hizo mbili kana kwamba hazikuwahi kutoka. Lakini Dickinson aliporudi mwaka 1999 hakuzificha nyimbo za mwenzake. Aliziimba Rio de Janeiro Januari 2001, ziko kwenye albamu ya laivu Rock in Rio, na miaka 18 baadaye anaziimba tena Mexico. Kwangu hiyo ni heshima kubwa: mtu anaimba nyimbo za aliyemrithi nafasi yake, na anaziimba kwa moyo wote.

Sign of the Cross inapita dakika 10. Ule wa studio unaanza na uimbaji wa kama watawa kanisani, taratibu, chini sana, na Bayley ana sauti nzito inayokaa humohumo chini hadi mwisho. Kuna uzuri wake, unasikia mtu aliyezingirwa. Dickinson anaanza chini kama yeye, lakini gitaa zinapofunguka anapanda, na wimbo unapata dari ambalo haukuwa nalo mwaka 1995. Wimbo haukubadilishwa hata kidogo, ila urefu wa sauti ndio uliobadilika, na ghafla unaelewa alichokuwa nacho Harris kichwani alipoutunga.

The Clansman nao ni wa Harris, unahusu Waskoti wanaopigania nchi yao. Unaanza polepole, besi mbele, halafu unapanda ngazi kwa ngazi mpaka kwenye lile neno la uhuru linalopigiwa kelele. Kijana ninayefundisha kazi kwenye karakana yangu hupiga besi kanisani, metali hakuijua. Siku moja niliuweka huu wa Mexico huku tukifungua ampli iliyoungua. Akaacha bisibisi, akachukua besi, akaanza kutafuta yale makodi ya mwanzo, anarudisha nyuma, anatafuta tena. Kilichomshangaza ni mkono wa kulia: Harris hatumii kipande cha plastiki, anapiga kwa vidole, na mwendo ule wa farasi, pigo moja refu na mafupi mawili, anaushikilia wimbo mzima bila kulegea. Kijana alijaribu kuufuata kwenye The Trooper na mkono ukamkaza kabla ya solo. Harris siku ile ya Mexico alikuwa na miaka 63.

Nije kwenye koo lililochoka. Dickinson alizaliwa 1958, kwa hiyo Mexico alikuwa na miaka 61. Mwisho wa 2014 aligunduliwa uvimbe wa saratani nyuma ya ulimi, akatibiwa kwa mionzi na dawa kali, na Mei 2015 bendi ikatangaza amepona. Wewe unayeimba kwaya unajua mionzi shingoni inaweza kumfanya nini mwimbaji. Halafu mtu huyo anafungua onyesho na Aces High, wimbo unaomtaka apande juu kabisa kabla koo halijapata joto, na juu ya kichwa chake inaning'inia ndege ya mfano ya Spitfire, ndege ya vita ya Waingereza. Angeweza kuanza na wimbo rahisi. Hakuna ambaye angemlaumu.

Chukua Live After Death ya 1985 ulinganishe. Sehemu kubwa ilirekodiwa Long Beach, California, Machi 1985, katika ziara iliyoanzia Poland Agosti 1984 na kumalizika California Julai 1985. Hapo Dickinson ana miaka 26 na anaimba kama mtu anayevunja mlango. Kasi ni kubwa, koo limekwaruzika kwa miezi mingi ya barabarani, na hilo ndilo linaloifanya iwe tamu. Kwenye Mexico sauti imenenepa, anachagua pa kurukia na pa kuzungukia, na kwenye Revelations, ambao ni utunzi wake mwenyewe, nasema bila woga kwamba anaimba vizuri kuliko alivyoimba kijana. Ule wimbo unataka mtu aliyeishi.

Flight of Icarus usiuruke. Bendi ilikuwa haijaupiga jukwaani tangu 1986, wakaurudisha kwa ziara hii. Kwenye picha za ziara utamwona Dickinson akirusha moto kutoka mikononi, ila mimi nakuomba uusikilize bila picha kwanza, usikie jinsi mwendo wake wa wastani unavyokaa vizuri zaidi kwa bendi yenye umri huu.

McBrain anastahili aya yake. Ana miaka 67 kwenye rekodi hii. Anapiga miguu mitupu, ngoma kubwa ya chini anaipiga kwa mguu mmoja, pedali moja, wakati wapiga drams wengi wa metali wanatumia mbili. Where Eagles Dare ndio wimbo uliofungua albamu yake ya kwanza na bendi, Piece of Mind ya 1983, na unaanza na yeye peke yake. Weka hedifoni, sikiliza mguu ule wa kulia. Januari 2023 alipata kiharusi, akapambana akarudi jukwaani, kisha akaaga ziara kwa onyesho la mwisho São Paulo tarehe 7 Desemba 2024. Sasa anayekalia kiti ni Simon Dawson. Kwa hiyo ukitaka kumsikia McBrain akiwa mzima, akipita nyimbo zake na za Burr kwa pamoja, chukua hii.

Kuhusu sauti yenyewe nina sifa na lawama. Palacio de los Deportes ilijengwa kwa Olimpiki ya 1968, na kuba lake limefunikwa kwa shaba. Mtu wa Lubumbashi, mji wa shaba, akisikia hivyo anatabasamu, lakini fundi wa sauti anakunja uso, maana ukumbi ule unasifika kwa mwangwi. Kuna kazi ambayo msikilizaji haioni. Kwenye rekodi ya laivu kila mikrofoni inagawanywa njia mbili, moja inakwenda kwenye meza ya ukumbi na nyingine kwenye mashine ya kurekodi. Juu ya hizo kuna mikrofoni zinazoelekezwa kwa watu. Sauti inatembea kama mita 34 kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwa hiyo mikrofoni ya watu iliyo mbali na jukwaa inapokea drams zikiwa zimechelewa, na ukiichanganya ovyo pigo moja linasikika mawili. Nimepambana na hilo kwenye kumbi ndogo za hapa zenye paa la bati na najua linavyotesa. Tony Newton, fundi aliyechanganya rekodi hii akisaidiana na Harris, amelimudu: watu wako juu sana, wanaimba hadi melodia ya gitaa ya Fear of the Dark, na bado drams zimebaki moja. Lawama yangu ni gitaa. Zikipiga zote tatu kwa pamoja zinasongamana, na Gers mara nyingine nampoteza kabisa. Live After Death iko wazi zaidi kwa sababu gitaa ni mbili tu.

Hoja ya pesa ina ukweli kiasi: mwaka 2020 maonyesho yalisimama kwa sababu ya korona na bendi ikatoa albamu. Lakini bendi hii hii mwaka 1993 iliwahi kuikata historia yake vipande viwili, A Real Live One kwa nyimbo za 1986 na kuendelea, A Real Dead One kwa za zamani. Zile ndizo zinanipa shida. Ukitenganisha wimbo wa 1982 na wa 1992 unamnyima msikilizaji kile hasa alichokuja kukitafuta, yaani kusikia vinavyokaa pamoja.

Pengo la Mexico ujue mapema. Hakuna hata wimbo mmoja wa albamu ya Killers, hakuna wa albamu ya Somewhere in Time, na albamu ya Seventh Son of a Seventh Son imepewa The Evil That Men Do peke yake. The Book of Souls ya 2015 nayo haimo. Kwa Killers utapata Wrathchild kwenye Live After Death, ile sehemu iliyorekodiwa Hammersmith, na humo pia kuna Phantom of the Opera wa albamu ya kwanza. Kwa Somewhere in Time tafuta albamu ya laivu Flight 666, ambapo kila wimbo umetoka mji tofauti wa ziara ya 2008, Dickinson mwenyewe akirusha ndege ya bendi. Kwa Seventh Son, tafuta Maiden England, laivu ya Birmingham 1988.

Umesema una simu tu na mega zako za intaneti ni za kuhesabu. Usiisikilizie kwenye spika ya simu, besi ya Harris haitatoka na bila besi ile umesikiliza nusu. Hedifoni ya waya ya kawaida inatosha. Pakua mara moja usiku, usikilize bila mtandao. Usianze na wimbo wa kwanza: anza na The Clansman, halafu Sign of the Cross, halafu Revelations, ndipo urudi kwenye hotuba ya Churchill na kwenda nao moja kwa moja hadi Run to the Hills. Ukifika hapo utafute ule wa 1982, usikie Clive Burr alivyoufungua na McBrain anavyoufungua, uniambie mkono gani unaupenda. Mimi na kijana wangu wa karakana hatujakubaliana mpaka leo.