Punda na mbuzi katika boma moja: usihofu teke, hofia ndoo

Kila anayetaka kuchanganya punda na mbuzi huniuliza swali lile lile: je, punda hatawapiga mateke? Atawapiga, mara mojamoja, na mbuzi mzima hujifunza upesi kukaa mbali na miguu ya nyuma. Huku kwetu Kitui, mashariki mwa Kenya, punda ndiye anayeleta maji na mbuzi ndiye anayelipa karo, na wamelala boma moja tangu enzi za babu zetu. Nimefuga wote wawili kwa muda mrefu. Punda niliowaona wakifa katika vijiji vyetu hawakuuawa na pembe za beberu. Walikufa kwa kitu kilichokuwa ndani ya ndoo, au ndani ya pampu ya kunyunyizia dawa, kitu ambacho mbuzi wa boma hilo hilo walikipata na wakaendelea kutafuna majani kana kwamba hakuna kilichotokea.

Shida inaanzia tumboni. Mbuzi anacheua. Tumbo lake lina vyumba vinne, na kile cha kwanza kimejaa vijidudu vinavyovunjavunja chakula, pamoja na sumu kadhaa, kabla havijafika kwenye damu. Punda ni jamii ya farasi: tumbo moja dogo, kisha utumbo mpana ambako nyasi huchachukia. Tena punda hawezi kutapika. Akimeza kibaya, amemeza.

Chakula cha kuku ndicho kinachonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu karibu kila boma lina kuku. Kuku wa nyama wakiuzwa, gunia lililobaki huishia kwa mbuzi, na punda aliyesimama karibu naye humwagiwa kopo lake. Vyakula vingi vya vifaranga na vya kuku wa nyama huchanganywa na dawa ya kuzuia koksidiosi, ule ugonjwa wa kuhara damu, na mojawapo ya dawa hizo ni monensini. Kuku haimdhuru. Ng'ombe na mbuzi huistahimili ikiwa kidogo, hata kuna vyakula vya ng'ombe vinavyotiwa monensini makusudi ili wanenepe haraka. Kwa farasi ni sumu ya moyo: miligramu 2 hadi 3 kwa kila kilo ya uzito wake zinatosha kumuua, na punda mimi humhesabu vivyo hivyo. Hebu tupige hesabu. Punda wetu wa kawaida ana kama kilo 150, kwa hiyo miligramu 300 hadi 450 ni hatari kwake. Chakula cha kuku chenye miligramu 100 za dawa kwa kila kilo kinafikisha kiasi hicho kwa kilo tatu hadi nne na nusu tu. Punda aliyetoka mtoni na mitungi minne mgongoni atamaliza hizo kabla hujafunga mlango wa ghala.

Na ubaya wa sumu hii ni kwamba anayenusurika hajanusurika kweli. Mara nyingi misuli ya moyo imeshapata makovu. Unamwona anakula, unashukuru Mungu, unamrudisha kazini, na wiki kadhaa baadaye anaanguka mbele ya mkokoteni. Wale wanaowalisha mbuzi na ng'ombe kinyesi cha kuku kilichokaushwa wakumbuke kwamba dawa hizo hupita hadi kwenye kinyesi pia. Gunia la kuku, kwangu, linakaa chumba kingine kabisa, na chumba hicho kina komeo.

Halafu kuna mahindi. Watu wa huku hatuhitaji kuambiwa kuhusu kuvu: mwaka 2004 sumu ya afla iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, wengi wao wa Makueni na Kitui. Tangu hapo tumejifunza kutokula mahindi yaliyoharibika. Lakini tunafanya nini nayo? Tunawapa wanyama. Sasa, mbali na afla, kuna kuvu nyingine ya mahindi inayotoa sumu iitwayo fumonisini, na hakuna mnyama wa boma inayemwumiza kama farasi na punda. Inamla ubongo. Mnyama anazungukazunguka mahali pamoja, anasukuma ukuta kwa kichwa, haoni, na mara nyingi anakufa ndani ya siku chache tangu dalili zianze. Wengi husema amerogwa au ameumwa na nyoka. Mbuzi anaweza kula mahindi hayo hayo bila kuonyesha dalili yoyote, na ndiyo maana mwenye boma hashuku chakula. Kuyaosha au kuyaanika juani hakuondoi sumu iliyokwisha kuingia. Mahindi yenye kuvu ni ya shimoni.

Mbuzi naye ana lake. Ukimwekea punda pumba au mahindi mazima baada ya kazi na mbuzi wakaifikia ndoo hiyo, watakula mpaka wavimbe. Nafaka nyingi kwa mpigo huchachuka tumboni na kuwa asidi, na mbuzi aliyekuwa mzima asubuhi unamkuta amelala jioni, tumbo ngumu, anasaga meno. Madume waliohasiwa wakizoea nafaka kila siku hupata pia vijiwe vinavyoziba njia ya mkojo. Kwa hiyo punda wangu hula nafaka akiwa peke yake, mlango umefungwa, na ndoo haitoki nje mpaka iwe tupu. Ukweli ni kwamba punda asiyefanya kazi hahitaji nafaka kabisa. Nyasi kavu na mabua yanamtosha. Akinenepa kupita kiasi shingo inalala upande na kwato zinaanza kuuma.

Walio sehemu za parachichi, Murang'a na Kisii, msiwatupie matawi mliyokata. Majani ya mparachichi huwadhuru wote wawili.

Dawa ya kupe

Hapa nitakaa kidogo. Mama mmoja jirani yangu aliwanyunyizia mbuzi wake dawa ya kupe, na kwa kuwa dawa ilibaki kwenye pampu, akamalizia kwa punda. Mtu yeyote angefanya hivyo. Dawa ni pesa. Muuzaji alikuwa amemwambia ni ya mifugo yote. Kesho yake punda hakula. Akawa anageuka kutazama ubavu wake, analala, anaamka, analala tena, na hakuna kinyesi kilichotoka. Daktari wa mifugo alipomwekea sikio tumboni alisema utumbo umenyamaza. Punda yule hakupona.

Dawa ilikuwa amitrazi. Inauzwa kila duka la agroveti, ni nzuri kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo, na farasi na jamii yake hawapaswi kuguswa nayo kwa sababu inausimamisha utumbo mpana, chakula kinaganda ndani. Ile iliyochanganywa na maji ikakaa siku nyingi ni mbaya zaidi. Chupa yenyewe kwa kawaida ina onyo kuhusu farasi, lakini onyo hilo ni la maandishi madogo, na nani anasoma? Soma. Usiposoma kingine chochote kwenye lebo, tafuta neno amitrazi (kwa Kiingereza amitraz), na ukiliona, punda atoke kabisa uwanjani siku hiyo. Kwa punda tumia dawa ya jamii ya pairethroidi, ambayo lebo yake inamtaja farasi au punda, na uioshe pampu kwanza kwa maji mengi. Mimi niliamua kununua pampu ya pili, ndogo, ya punda tu, na nikaifunga kitambaa chekundu kwenye mpini.

Dawa ya minyoo ni hadithi ile ile kwa sauti ya chini. Levamisoli, ambayo ni ya kawaida sana kwa mbuzi, usimpe punda: kipimo kinachotibu na kile kinachodhuru vimekaribiana mno kwake. Aivamektini hutumika kwa wote, lakini kwa punda tafuta ile ya kumeza, na pima kwa uzito, si kwa macho. Mkanda wa kupimia ng'ombe utakudanganya kwenye kifua cha punda.

Habari njema ni kwamba minyoo mingi ya mbuzi haiishi ndani ya punda, wala ya punda haiishi ndani ya mbuzi. Ule mnyoo unaonyonya damu ya mbuzi mpaka ufizi na kope zinakuwa nyeupe, punda akiumeza kwenye nyasi unafia tumboni mwake. Malisho yanayoshirikiwa hivi yanakuwa na minyoo michache. Kwa maoni yangu hii ndiyo faida kubwa zaidi ya kuwachanganya, kuliko hata ulinzi ambao kila mtu anausifia.

Boma, kamba na vitoto

Punda dume asiyehasiwa hafai kukaa na mbuzi. Nasema bila kuzunguka. Wengine watakuambia wa kwao ni mpole, na huenda kweli, mpaka siku atakaposhika kitoto cha mbuzi kwa meno shingoni na kukitikisa. Chagua jike au dume aliyehasiwa. Hata jike mpole akizaa, kwa wiki za mwanzo atamfukuza chochote kinachomkaribia mwanawe, hivyo mpe sehemu yake. Mimba ya punda huchukua kama mwaka mzima, kwa hiyo una muda wa kutosha kujenga.

Mbuzi wanaokaribia kuzaa nao wasilale na punda. Punda huona kitu kigeni kinachojikokota chini, chenye unyevu na harufu ya damu, na hajui kama ni mtoto au ni mbweha. Mimi nina kibanda cha vitoto pembeni mwa boma chenye mlango wa upana wa shibiri moja na nusu, na juu yake gongo lililofungwa kimo cha kiuno. Mbuzi anapita, punda anabaki nje. Humo ndani ndimo kunakokaa chumvi ya mbuzi na pumba yao, na humo ndimo mbuzi hukimbilia punda akiamka vibaya.

Kamba ni hatari ambayo haizungumzwi. Punda aliyefungwa kwa kamba ndefu katikati ya mbuzi ananasa miguu na shingo za vitoto kila anapozunguka, na akishtuka hakuna wa kumsimamisha. Kama lazima afungwe, afungwe mbali nao. Usiku asifungwe kabisa, wala miguu isifungwe pamoja kama tunavyofanya malishoni, kwa sababu fisi akija punda huyo hana lolote la kufanya.

Kuhusu ulinzi: ndiyo, punda humfukuza mbwa na mbweha, tena kwa hasira, na kelele zake huamsha kijiji. Fisi wengi au chui ni jambo jingine. Usimwache punda alinde boma lenye ua mbovu. Na kuna mwizi wa miguu miwili. Biashara ya ngozi ya punda ilileta wizi mkubwa nchini baada ya machinjio kufunguliwa, na hata baada ya Umoja wa Afrika kukubaliana mwaka 2024 kuipiga marufuku kwa miaka 15, sijaacha kuwafungia punda ndani ya ua ule ule wa miiba walimo mbuzi, karibu na dirisha langu.

Ua nautaka wa miiba au wavu, si seng'enge. Matandiko na kamba vitundikwe juu, maana mbuzi hutafuna ngozi, gunia na chochote chenye chumvi ya jasho. Wakikosa majani ya kutosha hutafuna hata mkia wa punda akiwa amesimama anasinzia, na yeye huwaacha.

Mgeni yeyote, awe punda au mbuzi, akae kando wiki mbili au tatu, kwanza kwa sababu ya magonjwa, pili ili waonane na kunusana kupitia ua. Kisha uwaachie pamoja mchana, mahali pa wazi, wote wakiwa wameshiba. Ugomvi mwingi nilioushuhudia ulitokea penye chakula. Punda anayelaza masikio nyuma na kushusha kichwa anapomfuata mbuzi hachezi. Mtoe, ujaribu tena siku nyingine. Wapo punda wasiokubali mbuzi maisha yao yote, na hao uwape ua wao.

Mwisho, jifunze kumsoma kila mmoja peke yake. Joto la nyuzi 39 kwa mbuzi ni la kawaida. Punda mwenye joto hilo ana homa, kwani lake halipaswi kupita 37.8 hivi. Mbuzi akiumwa analia. Punda huficha maumivu: anasimama tu kimya, masikio yamelegea, na hataki kula. Punda asiyekula kwa siku nzima ni wa kuitiwa daktari siku hiyo hiyo, kwa kuwa mafuta ya mwili huanza kumwagika kwenye damu yake na ini likashindwa. Ukishuku amekula chakula cha kuku au kupuliziwa dawa isiyo yake, usimpe mafuta ya kupikia wala maziwa, usimkimbize ili atoe jasho. Mweke kivulini asitembee, mpigie daktari, na umwekee tayari gunia lenyewe au chupa yenyewe aione kwa macho yake, kwa sababu jina tunalolitaja kwenye simu mara nyingi ni la kampuni, na anachohitaji kujua ni dawa iliyomo ndani.