Jibu: Ricoh GR III au Sony RX100 VII kwa picha za mtaani?
Ndugu, umeuliza uchukue ipi kati ya kamera hizo mbili, na umesema unapiga zaidi mtaani, jioni. Mimi ningechukua Ricoh, na sababu kubwa ni sensa, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga. Ya GR III ni milimita 23.5 kwa 15.6, ya Sony ni 13.2 kwa 8.8. Eneo lake ni kama mara tatu. Megapikseli (24 kwa 20) zisikusumbue kabisa. Mwanga ukififia, sensa kubwa ndiyo inayokupa vivuli visivyojaa chenga.

Lenzi ya Ricoh haivuti, ni 28mm tu, yaani inaona kwa upana mmoja (namba ikiwa ndogo, inaona pana zaidi). Sony inavuta kutoka 24 hadi 200, kwa hiyo kama unataka mpira au ndege, chukua hiyo. Lakini kwenye vichochoro kama vya Mji Mkongwe unasogea kwa miguu, na baada ya wiki chache jicho linaanza kuona kwa upana huohuo kabla hujainua kamera. Hilo nalipenda mno. Ukiona 28 ni pana, ipo ndugu yake, GR IIIx ya 40.

Betri ya GR III ni ya picha 200 hivi, nunua ya pili siku hiyohiyo. Haina flashi, wala haijazibwa dhidi ya vumbi, na lenzi haifunguki ukasafisha sensa mwenyewe. Kwa hiyo ukipata iliyotumika, piga ukuta mweupe kwa f/16 (tundu la lenzi likiwa dogo kabisa), ikuze picha, ukague madoa kabla hujatoa hela.