Kwa nini kichwa huonekana kimebandikwa juu ya mandhari

Umeeleza kwamba picha yako ya rangi za mafuta, uliyoichora kwa mtindo wa Renaissance (sanaa ya Ulaya ya karne ya 15 na 16), imekutoka vizuri usoni, lakini kichwa kinaonekana kana kwamba kimekatwa kwa mkasi na kubandikwa juu ya milima. Kosa hilo nalifahamu, kwani picha zangu tatu za mwanzo ziliharibika vivyo hivyo: nilimaliza uso kwanza, kisha nikaizungusha mandhari kando ya nywele kwa uangalifu mkubwa, na uangalifu huo ndio ulioniponza.

Siku hizi uso na mandhari naviinua pamoja. Ubao mzima naupaka hudhurungi nyepesi iliyozimuliwa kwa tapentaini, kisha napanga nuru na vivuli vyote kwa rangi hiyo moja, kabla sijagusa rangi ya ngozi wala ya anga. Hapo ndipo penye uamuzi wenyewe: shavu lililo nuruni liegemee kitu cheusi, na lile la kivulini liegemee kitu kilichopauka. Mchoraji wa Kiitalia Leonardo da Vinci, alipomchora binti aitwaye Ginevra de' Benci katika miaka ya 1470, alijaza mti mweusi wa mreteni nyuma ya uso mweupe wa binti yule, akaacha maji na miti ya mbali vififie katika buluu pembeni.

Upeo wa macho nao una hila zake. Niliwahi kuupitisha shingoni, ukaonekana kama kamba iliyomkaba mtu. Katika Mona Lisa, picha nyingine ya Leonardo, upeo umepandishwa hadi karibu na macho, tena wa kushoto uko chini kuliko wa kulia, jambo ambalo wengi hawalitambui mpaka waelekezwe.

Kuhusu tabaka za rangi, la juu liwe na mafuta mengi kuliko la chini, la sivyo rangi itapasuka.

Picha yako usiikwangue. Ikiwa imekauka, sugua mafuta ya kitani kidogo sana penye mpaka wa nywele na anga, weka juu yake utando mwembamba wa buluu iliyochanganywa na ile ile rangi ya ngozi, kisha uutandaze kabla haujashika. Brashi kavu inafaa; mimi hutumia kidole, kama alivyofanya Leonardo, ambaye alama ya kidole chake ingalipo pale anga inapokutana na mreteni ule.