Kwa nini nishati ya atomu ya heliamu si jumla ya nishati za obitali zake?

Swali: Kwa kutumia fomula ya hidrojeni na kuweka chaji ya kiini kuwa 2, nilipata kwamba nishati ya heliamu katika hali yake ya chini kabisa ni −108.8 elektronivolti. Katika jedwali la mbinu ya Hartree-Fock (njia ya kukadiria nishati za atomu), nishati ya obitali, yaani ya hali ambamo elektroni moja hukaa ndani ya atomu, ni takriban −25 kwa kila elektroni, yaani −50 kwa zote mbili. Vipimo vya maabara vinaonyesha −79. Nimekosea wapi?

Jibu: Ndugu msomaji, tarakimu zako ni sahihi. Tatizo liko katika msukumano wa elektroni hizo mbili: hesabu ya kwanza imeuacha nje kabisa, na ya pili imeuhesabu mara mbili, ndiyo maana kipimo kimeangukia katikati.

Thamani ya −54.4 inayotokana na fomula ya hidrojeni ni ya elektroni iliyo peke yake mbele ya kiini cha heliamu. Elektroni zikiwa mbili, haitoshi kuizidisha kwa 2, kwa sababu kusukumana kwao kunaipandisha nishati ya atomu kwa karibu elektronivolti 30.

Hesabu ya pili yahitaji uangalifu zaidi, kwani hapo ndipo wanafunzi wengi hupotea. Katika mbinu ya Hartree-Fock kila elektroni huwekwa ndani ya uga wa kiini pamoja na uga wa wastani wa elektroni nyingine, kwa hiyo nishati ya obitali ya elektroni ya kwanza imekwisha kubeba msukumano wake na ya pili, na nishati ya obitali ya pili imebeba msukumano ule ule. Msukumano huo ni takriban 27.9. Ukiutoa mara moja kutoka −50 utapata −77.9, ambayo ndiyo nishati ya atomu nzima kwa mbinu hiyo.

Ile −25 nayo ina maana yake: inakaribiana na nishati ya kung'oa elektroni ya kwanza, ambayo kwa vipimo ni 24.6. Elektroni inayobaki haina tena wa kuikinga na mvuto wa kiini, hivyo kuing'oa kunahitaji 54.4, na jumla ya hatua hizo mbili ni 79.0.

Bado kuna pengo la takriban 1.1 kati ya −77.9 na −79.0. Pengo hili, kwa maoni yangu, ndilo kiini cha somo lote la atomu zenye elektroni nyingi. Elektroni haikutani na wastani wa mwenzake, bali kila moja huikwepa nyingine papo kwa papo. Mwaka 1929 mwanafizikia Hylleraas aliingiza umbali kati ya elektroni hizo moja kwa moja katika fankisheni ya wimbi (fomula inayoelezea hali ya elektroni), akaikaribia sana thamani ya vipimo.

Ukihamia kwenye atomu kubwa zaidi, fanya marekebisho hayo kwa kila jozi ya elektroni: kaboni, yenye elektroni 6, ina jozi 15. Kwa jozi zenye spini sawa (spini ni sifa ya elektroni yenye mielekeo miwili tu), msukumano unaoutoa uwe umeshapunguzwa kwa nishati ya mabadilishano, yaani punguzo linalotokana na elektroni za spini sawa kuepukana, kwa sababu obitali nazo zimeibeba mara mbili.