Samaki aliyevuliwa kwa utupa, mmea wenye majani ya sumu, analika?

Analika, mradi atolewe utumbo na matamvua mapema, aoshwe na aive vizuri. Sumu iliyo kwenye majani ya utupa ni rotenoni. Kwa samaki inapenya matamvua hadi damuni na kuzuia seli zisitumie oksijeni, ndiyo maana unamwona anapanda juu anahema mdomo wazi hata kama maji yana hewa ya kutosha. Kwa mtu inapita tumboni, ambako hufyonzwa kidogo sana, na moto huivunja.

Kinachowaponza watu ni kudhani mimea yote ni ileile. Utomvu wa mnyaa nao huvulia samaki, lakini una sumu nyingine kabisa: unaunguza ngozi, na ukiingia jichoni unaweza kupofua.

Utupa hupondwa mbichi, ukakorogwa kwenye vidimbwi vya mwambani maji yakipwa. Penye mkondo ni kazi bure, sumu inasombwa kabla haijashika. Ila vifaranga hufa humohumo na hakuna anayevikusanya, na Sheria ya Uvuvi ya Tanzania ya 2003 inakataza kuvua kwa sumu, ya majani ikiwemo.