Nimejipima mara kumi na nne, kila mara najibiwa tofauti

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni kijana wa kiume, miaka 23. Miezi mitatu iliyopita nilikuwa na rafiki yangu tunaangalia mechi. Akacheka, nikamtazama, na wazo likanijia: je, kama navutiwa na wanaume? Tangu siku hiyo silali. Usiku najifunika shuka na simu, nafanya majaribio ya mtandaoni ya kujipima mwelekeo wa kimapenzi. La kwanza liliniambia navutiwa na wanawake kwa asilimia 91. Nikafurahi kwa saa moja hivi. La pili likasema 64. Sasa nimefika kumi na manne, na mengine nayarudia nikibadilisha jibu moja tu. Jingine la wasiwasi limenipa alama 16 kati ya 21. Nina mpenzi ninayempenda, na mtu wa mwelekeo wowote sina neno naye, ila nataka kuujua ukweli wangu. Lipi kati ya haya ni la kuaminika? Asiyelala.

JIBU: Marahaba mwanangu. Ni hilo la alama 16. Yale kumi na manne yafunge.

Barua yako iliponifikia nilikaa jioni mbili nikayafanya mwenyewe. Mimi ni mjane wa miaka 61, nimekuwa muuguzi kwa miaka 30, na nilidhani najijua. Moja liliniuliza kama napenda nguo za rangi kali. Jingine likataka kujua ni filamu za aina gani zinazoniliza. La tatu likahitimisha kwamba nina moyo mkunjufu lakini unaficha mengi, nikacheka mpaka miwani ikanidondoka. Nani asiyeficha mengi? Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwajazisha wanafunzi wake 39 dodoso, kisha akampa kila mmoja maelezo ya tabia yake na kumwomba ayapime yamemgusa kiasi gani. Wastani ulikuwa 4.26 kati ya 5. Wote walikuwa wamepewa maneno yale yale.

Mwaka huohuo Alfred Kinsey, mtafiti wa Marekani wa mambo ya mapenzi, na wenzake walitoa ile mizani ya mwelekeo, kutoka 0 (jinsia nyingine tu) hadi 6 (jinsia yako tu), ambayo majaribio mengi ya mtandaoni yanaazima jina lake. Lakini kwa Kinsey mtu hakujijazia fomu akapata namba. Mhojiwa alisimulia maisha yake, akaulizwa na kuulizwa tena, na namba ilitoka kwa watafiti. Baadaye daktari wa akili, Fritz Klein, aliona mstari mmoja hautoshi, na mwaka 1978 akatoa jedwali linalotazama mambo saba: anayekuvutia, uliyewahi kuwa naye, unayemuwaza, unayempenda kwa moyo, unaopenda kukaa nao, maisha unayoishi, na unavyojiita. Kila jambo hutazamwa kwa wakati uliopita, wa sasa, na vile ungetamani iwe. Ni visanduku 21. Hicho ni kitu cha kuzungumza na mtu mchana, tena bila haraka.

Kipimajoto kikisema 39 kuna joto kweli mwilini, hata kama mgonjwa anabisha. Jaribio la mwelekeo halina cha kushika nje ya majibu yako. Ukiliambia "kidogo", linakurudishia "kidogo" ileile, sasa imevalishwa suti na tai ya asilimia. Na mtu aliyejaa hofu hawezi kubonyeza "hapana" bila mkono kusita. Ndiyo maana unapata 91 leo na 64 kesho.

Lile la wasiwasi, kwa alama zake, naona ni GAD-7, lililotolewa mwaka 2006 na Robert Spitzer na wenzake. Maswali saba, kila moja 0 hadi 3, yote kuhusu wiki mbili zilizopita: unashindwa kuzuia wasiwasi, unashindwa kutulia, unakereka upesi. Hayo unayajua bila kubahatisha. Tena lilijaribiwa kwa wagonjwa, majibu yakalinganishwa na mahojiano ya wataalamu. Kuanzia 10 tunamwambia mtu aonwe, na 15 kwenda juu ni wasiwasi mkali. Halimalizi kazi, kwa sababu halijui kama tezi ya shingo imezidisha homoni au kama unakunywa kahawa vikombe vinane, na vyote viwili hupandisha mapigo ya moyo. Kwa hiyo 16 yako ni ya kupeleka kwa daktari.

Sasa turudi kwenye sentensi niliyoipigia mstari kwa kalamu nyekundu: "Nikafurahi kwa saa moja hivi."

Wazo linakuja, hofu inapanda, unajipima, unatulia, saa inapita, wazo linarudi likiwa na nguvu zaidi. Kila ukijituliza kwa kujipima, ubongo unajifunza kwamba kweli kulikuwa na hatari. Wataalamu wanaujua mzunguko huu. Unaonekana kwenye OCD, ugonjwa wa mawazo yanayong'ang'ania na vitendo ambavyo mtu anashindwa kuviacha. Shaka huwa inachagua pa kuuma. Mwingine inamuuma kwenye mlango, kama ameufunga. Mwingine anaogopa atamdhuru mtoto wake mwenyewe. Na wapo ambao inawauma hapo hapo ulipo wewe. Wengi wao hujikagua hata mwili: wakimtazama rafiki, wanasikiliza kama kuna kilichosisimka. Jaribu sasa hivi kuufikiria ulimi wako ulivyolala mdomoni. Umeanza kuuhisi, sivyo? Kiungo chochote ukikivizia kitakupa habari.

Sisemi una OCD, sijakuona. Wala sisemi huvutiwi na wanaume, kwa sababu hilo mimi sina namna ya kulijua. Ninachokijua kutokana na waliokaa mbele yangu ni kwamba anayegundua mvuto wake anaweza kuogopa sana, lakini ndani ya hofu hiyo mara nyingi kuna mtu mahususi anayetamani kumwona tena, au kumbukumbu tamu za zamani. Barua yako ina polisi na mshtakiwa tu. Hata hivyo mtu mmoja anaweza kuwa na vyote, mvuto halisi na shaka isiyomwachia, ndiyo maana mtaalamu mzuri haanzi kwa kukutafutia jibu.

Anaanza na mzunguko. Kama ni OCD kweli, tiba yake inayojulikana ni kulikabili wazo bila kufanya kile kinachokutuliza, kidogo kidogo, mpaka "huenda" iwe neno unaloweza kulala nalo. Dawa nazo zipo kwa wanaozihitaji. Akitokea mtu anakuahidi kukubadilisha mwelekeo, ondoka. Shirika la Afya Duniani liliuondoa ushoga kwenye orodha yake ya magonjwa Mei 17, 1990, kwa hiyo hakuna anachotibu.

Kwa wiki hii: hamu ya kujipima ikikujia, andika saa kwenye karatasi, basi. Usimuulize mpenzi wako kila usiku "unanionaje?", maana hilo ni jaribio la kumi na tano. Na ukijikuta unafikiria kujidhuru, usisubiri miadi. Nenda hospitali saa hiyohiyo, au mwamshe mtu akupeleke.

SWALI: Dada, nimeazima simu ya binti yangu wa miaka 17 nikakuta ukurasa wa "Je, unavutiwa na wasichana?" Matokeo yamefichwa, yanadai barua pepe. Nimkalishe alimalizie mbele yangu? Mama mwenye hofu.

JIBU: Hapana, mdogo wangu. Hata akiwa peke yake asiiandike barua pepe hiyo. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Marekani iliiamuru kampuni moja ya ushauri wa kisaikolojia mtandaoni ilipe dola milioni 7.8, baada ya taarifa za wateja, yakiwemo majibu ya dodoso la afya, kupelekwa kwa kampuni za matangazo. Hiyo ilikuwa kampuni yenye wataalamu. Ukurasa usio na mwenyewe sijui utakuwaje.

Mrudishie simu leo. Mwambie umeuona ukurasa, maana akija kugundua kwamba ulijua ukanyamaza, hatakuazima tena simu wala siri. Mwambie hajakosea kuuliza. Kisha kaa hapo, usiulize kitu, hata kama atanyamaza dakika kumi.