Maswali ya Wasomaji: Antena Nyingi Zikifanya Kazi kama Moja

Barua nne tulizozichagua safari hii zinahusu safu ya antena, yaani antena mbili au zaidi zilizopangwa na kuunganishwa ili zitume au zipokee kwa pamoja.

SWALI: Ndugu Mhariri, huku kwetu bondeni matangazo ya televisheni hayashiki vizuri. Nilikuwa na antena moja ya nje, nikanunua nyingine ya aina ileile, nikaifunga juu ya ile ya kwanza kwenye mlingoti uleule, kisha nikasokota nyaya zake pamoja na kuzipeleka kwenye king'amuzi. Sasa mawimbi yamekuwa hafifu kuliko mwanzo. Fundi anasema antena mbili haziwezi kufanya kazi pamoja. Je, ni kweli? (Msomaji wa Lushoto, Tanga)

JIBU: Si kweli, ingawa kwa jinsi ulivyoziunganisha fundi wako ana sababu ya kusema hivyo. Antena mbili husaidiana pale tu mawimbi yanapofika mahali pa kuungana yakiwa katika awamu moja, kilele kwa kilele na bonde kwa bonde. Ni kama watu wanaosukuma lori lililokwama: wakisukuma kwa wakati mmoja lori linatoka, lakini mmoja akisukuma mbele na mwenzake nyuma, halisogei hata wakiwa na nguvu nyingi.

Kwanza pima urefu wa nyaya zako. Katika masafa ya megahezi 600 urefu wa wimbi hewani ni sentimita 50, lakini ndani ya waya wa antena wenye povu wimbi husafiri kwa takriban asilimia 80 ya mwendo wake wa hewani, kwa hiyo urefu wake hupungua hadi kama sentimita 40. Waya wa antena ya juu ukizidi ule wa chini kwa sentimita 20 tu, mawimbi mawili yanafika yakipingana na kufutana. Tofauti hiyohiyo haiyadhuru masafa yote kwa kiasi kimoja, ndiyo maana kundi moja la chaneli linaweza kupotea huku jingine likionekana. Kata nyaya zote mbili kutoka rola moja, kwa urefu uleule kabisa, hata kama ule wa chini utabaki na mkunjo.

Pili, hakikisha hakuna antena iliyofungwa kichwa chini. Antena ikigeuzwa hivyo, ncha mbili za kipande kinachounganishwa na waya hubadilishana nafasi, na awamu inageuka kwa nyuzi 180 bila wewe kuona kasoro yoyote kwa macho. Tatu, acha kusokota nyaya. Nyaya mbili za ohmu 75 zikiunganishwa sambamba huwa ohmu 37.5, tofauti na 75 zinazotarajiwa na king'amuzi, na sehemu ya mawimbi hurudishwa ilikotoka. Tumia kiunganishi cha njia mbili, kile ambacho mafundi hukiita splita, ukikiunga kinyume: antena kwenye matundu mawili, king'amuzi kwenye lile moja.

Hayo yote yakikaa sawa, faida haitazidi desibeli 3, yaani mara mbili ya nguvu, na kiunganishi nacho kitachukua sehemu ndogo yake. Kwa maoni yetu, ungeanza kwa kurefusha mlingoti.

SWALI: Katika mradi wangu wa mwaka wa mwisho ninatengeneza safu ya antena bapa 8 (vipande vyembamba vya metali juu ya ubao wa saketi) kwa gigahezi 2.4. Msimamizi anasisitiza nafasi kati ya antena na antena iwe nusu ya urefu wa wimbi. Hesabu zangu zinaonyesha kwamba nikipanua nafasi, mwale, yaani eneo ambako safu inaelekeza nguvu zake, unakuwa mwembamba zaidi. Kwa nini nisipanue? (Mwanafunzi wa uhandisi, Nairobi)

JIBU: Hesabu zako ni sahihi, ila hazijaangalia pande zote. Nafasi ikifika urefu mzima wa wimbi, kuna pande nyingine ambako mawimbi ya antena zako yanakutana tena katika awamu moja, na hapo unazaliwa mwale wa pili wenye nguvu sawa na ule unaoutaka. Ukiweka nafasi ya urefu wa wimbi mmoja na nusu, huku mwale mkuu ukielekea mbele, miale hiyo isiyotakiwa itatokea kwenye nyuzi 42 hivi kila upande. Nusu ya urefu wa wimbi, ambayo kwako ni sentimita 6.25, inakuwezesha kuugeuza mwale karibu upande wowote bila kumpata mgeni huyo. Kama hukusudii kuugeuza kabisa, unaweza kupanua kidogo, mradi usifike urefu mzima wa wimbi.

Kugeuza mwale kunafanywa kwa kuchelewesha awamu. Kwa nafasi hiyo ya nusu, ukitaka mwale uelekee nyuzi 30 kutoka mbele, kila antena iachwe nyuma ya jirani yake kwa nyuzi 90: ya kwanza sifuri, ya pili 90, ya tatu 180, ya nne 270, na ya tano inarudi sifuri. Wazo hili si jipya. Mwanafizikia Mjerumani Karl Ferdinand Braun alilionyesha mwaka 1905 kwa antena tatu tu.

Ukizilisha antena zote 8 nguvu sawa, mwale utakuwa na upana wa karibu nyuzi 13, na mwale mkubwa zaidi wa pembeni (miale midogo inayovuja nje ya ule mkuu) utakuwa takriban desibeli 13 chini ya ule mkuu. Kwa mazingira yenye mitambo mingi ya jirani hiyo haitoshi. Dawa yake ni kuzilisha antena za katikati zaidi kuliko za ukingoni. Mwaka 1946 C. L. Dolph alitoa njia ya kukokotoa mgawanyo unaoishusha miale ya pembeni hadi kiwango unachokitaka, huku mwale mkuu ukinenepa kwa kiasi kidogo kabisa kinachowezekana.

Jihadhari na jambo moja linalowakwaza wengi: nafasi kati ya antena hupimwa kwa urefu wa wimbi hewani, lakini ukubwa wa kila antena bapa na urefu wa njia za kulishia hupimwa kwa urefu wa wimbi ndani ya ubao. Ukichanganya vipimo hivyo, programu haitakugombeza, ila maabara itakugombeza. Kumbuka pia kwamba antena za ukingoni zina jirani upande mmoja tu, kwa hiyo tabia yao hutofautiana na za katikati. Wengine huongeza antena bubu, yaani isiyolishwa nguvu, moja kila mwisho ili kupunguza tofauti hiyo.

SWALI: Nyumba yangu iko mita 40 tu kutoka mnara wa simu, lakini simu inaonyesha mawimbi hafifu. Inakuwaje? (Msomaji wa Mwanza)

JIBU: Uliza kwanza kama kampuni ya laini yako imefunga mitambo kwenye mnara huo, kwa sababu si kila mnara unabeba mitandao yote. Ikiwa imo, sababu inaweza kuwa umbo la mwale. Ndani ya lile boksi refu la mnarani mna safu ya antena zilizopangwa wima, na safu ya wima hutoa mwale mwembamba kwa kimo, mara nyingi nyuzi 7 hivi. Antena ikiwa mita 30 juu na mwale ukiinamishwa nyuzi 6, kitovu chake kinagusa ardhi karibu mita 285 kutoka mnarani. Wewe, ukiwa kwenye nyuzi kama 35 chini, unapata miale ya pembeni tu, na kati ya miale hiyo mna mapengo, ambayo wabunifu huyajaza kwa kurekebisha kidogo awamu na nguvu za baadhi ya antena.

SWALI: Kwa nini safu za antena nyingi zimeanza kusikika sana na 5G? (Msomaji wa Kampala)

JIBU: Kwa sababu ya ukubwa. Katika gigahezi 3.5 nusu ya urefu wa wimbi ni kama sentimita 4.3, kwa hiyo antena 64 zilizopangwa nane kwa nane zinaenea kwenye mraba wa sentimita 35. Zipange vivyo hivyo kwa megahezi 900 na mraba utakuwa na upande wa zaidi ya mita 1.3, mzigo ambao upepo wa mnarani haungeupenda, na mwenye mnara angeutoza kodi nzito.